Malalamiko Kuhusu Kukabidhiwa Vidonge Vyangu Mwenyewe

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kwa Mfamasia,
Dirisha la Dawa.

Ndugu Mfamasia,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hii. Mimi ni yule fundi saa mstaafu mwenye kofia ya kahawia, ambaye kila mwezi unamwomba asiegemee kioo. Sijawahi kulalamikia ofisi yoyote, lakini haya yamenifika hapa, na ninaposema hapa nimegusa koo.

1. Tangu nilipomzika mke wangu mwezi wa Novemba, unanikabidhi vidonge vyangu vya presha mimi mwenyewe. Hilo ni kosa. Mimi na marehemu tuligundulika na presha wiki moja, miaka kumi na tisa iliyopita, na kila mmoja akawa hodari wa kuruka dozi na kumficha mwenzake. Muuguzi alipotukamata wote wawili, mke wangu alitoa amri palepale kwenye benchi: "Vyako nipe mimi, vyangu shika wewe." Vyangu akaviweka kwenye kopo tupu la majani ya chai, vyake nikaviweka kwenye droo yangu ya bisibisi. Kila saa moja asubuhi nilimmiminia maji, naye akanimiminia, na hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kabla hajaonyesha ulimi. Nikisema nitameza baadaye, alinijibu, "Toa ulimi, Bwana Baadaye, chai inapoa." Hatukuruka hata siku moja. Leo wewe unampa mfungwa funguo za gereza, halafu unashangaa mlango uko wazi.

2. Kisanduku cha plastiki ulichonipa, chenye vyumba saba vya siku saba, hakina macho. Hakijui kutazama ulimi. Tena kwa mtu wa kazi yangu ni hatari. Chumba cha Jumamosi kilikuwa kitupu, nami nikakiona kinafaa kuhifadhia parafujo za saa ya jirani. Jumamosi iliyofuata nilizimimina kiganjani na kuziinua hadi mdomoni. Ubaridi wake ndio ulioniokoa. Kidonge cha siku hiyo nilikikuta baadaye ndani ya saa ya jirani, ambayo hata hivyo inakwenda vizuri.

3. Binti yangu ameitegesha simu yangu ilie saa moja kamili. Nimetengeneza saa kwa miaka arobaini na moja, kwa hiyo naomba niaminiwe: saa inajua muda tu, haijui kama umemeza. Inalia, naizima ili nipate utulivu wa kukumbuka kwa nini ililia, na utulivu huo unanipeleka bustanini. Kisha binti anapiga. "Baba, umemeza?" Nami namjibu, "Nimemeza, mama." Sisemi uongo. Nimemeza chai.

Mwezi uliopita ulihesabu vidonge mbele ya binti yangu ukakuta vimebaki kumi na moja. Uliviweka juu ya kaunta kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayepanga ushahidi. Binti hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu, "Baba, tarehe ishirini na nane vikibaki tena, nakuja na gari. Nyumba tunafunga." Kwake kuna chumba kizuri chenye pazia jipya. Lakini kiti cha mama yake, kile kilichobonyea upande wa kushoto, hakiwezi kupita kwenye mlango wake. Nimekwenda kuupima.

4. Umeandika kwenye pakiti: kimoja, asubuhi. Hukuandika kutoka mkononi mwa nani. Maagizo hayo hayajakamilika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, dirisha lako lisimpe mzee yeyote dawa zake mwenyewe. Zangu apewe mwingine, nami nipewe za mwingine, kwa kuwa mtu hujisahau mwenyewe lakini hakosi kumfuatilia mwenzake. Pili, aajiriwe Mkaguzi wa Ndimi, apite nyumba kwa nyumba akiwa na tochi. Awe mtu mzima, ajue kukunja uso, na asikubali neno "baadaye" kwa sababu yoyote, hata mvua. Tatu, kama mtu huyo hapatikani, uje wewe. Dirisha hufunguliwa saa mbili na nusu. Saa moja una nafasi. Utakaa kwenye kiti cha marehemu, ila usiegemee upande wa kushoto.

Mpaka hayo yatekelezwe, sitambui kidonge chochote nilichojipa mwenyewe.

Nisalimie muuguzi wa kupima presha, mlinzi wa getini anayeniuliza kama saa yake imepona, na yule bibi wa benchi ya mbele ambaye daima amefika kabla yangu.

Wako mtiifu kwa mengine yote,

Fundi Saa

Nyongeza: Nilipokuwa kwenye namba ya tatu simu ililia. Niliinuka kummiminia mke wangu maji, kama ninavyofanya mpaka leo. Sikukueleza hilo kwa sababu si malalamiko. Nayaweka mbele ya kiti chake, na jioni nayamwagia maua. Sasa nimemaliza kuandika, natazama, kikombe chake ni kikavu na chumba cha Ijumaa ni kitupu. Sikuamini. Nilikwenda kwenye kioo cha saa ya ukutani nikajionyesha ulimi. Haukuwa na kitu.

Basi nimemeza, kwa maji yake, na hakuna aliyenipa. Namba ya kwanza hadi ya nne zifute, na Mkaguzi asiajiriwe. Ila usimwambie binti yangu kwamba naweza. Anapouliza "umemeza?" sauti yake ni ya mama yake kabisa.

Tarehe ishirini na nane nitakuja, uvihesabu. Kabla ya hapo sina ombi lingine, ila ikifika saa moja asubuhi, popote ulipo, unikumbuke.