Mtaalamu wa Ng'ambo, Miburani

Jumatatu, 3 Juni 1974
Habari njema. Katibu wa tawi, Ndugu Matano, kaniambia msikitini kwamba keshokutwa anakuja mgeni wa chama kutoka Dar es Salaam. Anatafuta mwanakijiji mmoja wa kupelekwa Romania kusomea ushirika. Simwoni wa kushindana nami. Nilikaa Bulgaria miaka miwili, na tangu nirudi sijaacha kuwaelimisha watu hapa. Mke wangu, Mashavu, anasema wameshaelimika vya kutosha. Sasa wakiniona wanapita njia nyingine.

Jumanne, 4 Juni
Mpinzani kajitokeza. Bi Kijakazi, kiongozi wa shamba la ujamaa. Muhogo wake unasifiwa mpaka Kirongwe, lakini Dar yenyewe hajaiona. Nikamweleza Matano, kwa upole, kwamba ng'ambo kuna ngazi zinazotembea zenyewe. Mama wa watu atazipandaje? Matano kajibu kwamba atazipanda kwa miguu.
Nimeamua: mgeni nitampokea mimi, nitamtembeza mimi. Nimeanika koti langu la sufu nililotoka nalo Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Linanuka dawa ya nondo.

Jumatano, 5 Juni
Mgeni, Ndugu Mbaraka, kafika. Nimempokea nimevaa koti. Kaniuliza kama nina homa. Nikamwambia hivyo ndivyo wageni wanavyopokewa Ulaya. Akaomba kuliona shamba la ujamaa. Nikasema twende.
Tulipozipita nyumba za kijiji ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kufika huko. Siku za zamu yangu huwa naumwa mgongo.
Tukapita mikorosho, nikamweleza siasa ya Bulgaria. Tukapita minazi, nikamweleza treni. Tukapita mikorosho ile ile, akawa hanisikilizi. Njia ikatutoa ufukweni, kwenye dago, kambi ya wavuvi waliotoka Kilwa, samaki wameanikwa juu ya chanja.
"Ndugu Hemedi," akaniuliza, "muhogo uko wapi?"
Nikamjibu kwamba tumeanzia baharini ili apate picha kamili ya uchumi. Wavuvi wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi jasho linanitiririka ndani ya koti. Kwa mbali wakasikika wanawake wakiimba kazini. Mgeni akageuka, akaifuata sauti. Nikamfuata yeye.

Ijumaa, 7 Juni
Kateuliwa Bi Kijakazi. Kijiji kizima kimempa mkono, nami nikiwamo.
Alasiri kaja barazani kwetu. Nilikuwa nimejilaza, nikajifanya nimelala. Mashavu akaniamsha bila huruma. Nikamwamkia Bi Kijakazi shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa mkekani.
"Mwanangu Hemedi," akasema, "nieleze kweli. Si zile za kila siku. Ng'ambo kukoje?"
Nilikuwa na ngazi tayari, na treni. Sijui kilichonipata. Nikamwambia kwamba wakati wa baridi giza huingia kabla ya magharibi yetu. Nikamwambia kuna juma lilipita bila mtu kunisalimu, nikawa najisalimu mwenyewe kwenye kioo. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Mashavu akaacha kukuna nazi. Hilo sikuwahi kumwambia hata yeye.
Bi Kijakazi akasema basi atachukua nguo nzito na subira. Subira anayo. Nikaingia ndani nikamtolea koti.
Chakula cha leo Mashavu kanipakulia yeye mwenyewe, na kipande cha kichwa cha samaki changu.

Jumatatu, 15 Julai
Bi Kijakazi kaondoka wiki iliyopita. Matuta yake nimekabidhiwa mimi. Nimelima asubuhi nzima, na mgongo safari hii unauma kweli. Wenzangu hawakunicheka. Mmoja alinigawia maji ya dafu. Nikaegemea jembe nikajiambia: Hemedi, mambo ya ng'ambo basi. Hapa panatosha.
Nilikuwa sijamaliza kujiambia, Matano akatokea. Mwezi ujao wanakuja wageni kutoka Korea kutazama minazi. Akauliza kama yupo anayeifahamu lugha yao japo kidogo. Wote wakainamia majembe.
Nikanyoosha mkono. Nimemwambia Matano kwamba kule Sofia nililala chumba kimoja na Mkorea, tukazungumza sana. Alikuwa Mvietnamu, lakini hapa Miburani nani atauliza?