Mdodoki Wenu Umeniharibia Ugomvi Wangu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Bustani.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umeketi kwenye kiti imara, maana ninayoyaleta si ya kusomwa wima.

Mimi ni fundi saa. Kazi naifanyia uani, mezani, kwa fulana na kaptula, tumbo likinitangulia. Sikuwa na tatizo mpaka mwaka juzi, mama mkwe alipohamia nyumba ya jirani. Kati yetu palikuwa na wavu wa waya, na waya haufichi aibu. Mkwe ni mkwe, Ndugu Mhariri. Ikanibidi nivae shati la mikono mirefu ili kufungua saa ya mkononi. Kila asubuhi nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamwambia kuku wake, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba watu wengine wananenepa.

Basi tukagombana miaka miwili. Kuku wake, redio yangu, maji yake ya kufulia. Ulikuwa ugomvi safi, wenye adabu, wa kutumiana maneno kupitia mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa akiyapunguza makali njiani.

Ndipo mlipochapisha makala yenu kuhusu kujisitiri kwa mimea itambaayo. Nikafuata kila neno. Nikasimamisha nguzo, nikapigilia fito zilizopishana kama wavu, nikapanda midodoki chini yake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmea uliota. Mliandika miezi mitatu. Wangu ulimaliza uzio kwa siku hamsini, ukashika kamba ya nguo na kuondoka na suruali yangu. Niliianika Jumatatu, Jumatano mguu mmoja ulikuwa kwa mama mkwe. Hakuna njia ya heshima ya kumdai mkwe suruali. Aliirudisha mwenyewe kupitia binti yake, imepigwa pasi, na kifungo kilichokuwa kimekatika zamani kimeshonwa. Nilikosa usingizi. Adui hashoni kifungo.

2. Majani yanaziba macho, hayazibi masikio. Hili hamkuliandika popote. Mama mkwe, kwa kuwa hanioni, akadhani sipo. Siku moja akawa anazungumza na shoga yake, mshona mapazia. Nikatega sikio nipate ushahidi, maana nilikuwa nimeandaa hoja saba kuhusu kuku. Nikamsikia akisema, “Yule fundi saa ana mdomo, lakini mwanangu alipolazwa hospitali, yeye alikaa kando ya kitanda wiki nzima, hata kula alikumbushwa. Mungu akinipa mkwe mwingine, anipe wa aina ile ile, nigombane naye tena.”

Kibano kiliniponyoka. Springi ya saa ya mwalimu mkuu iliruka, na mpaka leo haijulikani ilipo. Hoja zangu saba nizipeleke wapi? Kwa umri huu mtu hapati adui mpya kirahisi. Jirani wa upande wa pili ananichekea tu.

3. Sukari. Mke wangu alitupima mimi na mama yake siku moja, akatupiga marufuku sote wawili, bila rufaa. Mimi ni mtu mtiifu mbele za watu. Ila nyuma ya midodoki hakuna watu. Alasiri moja, mke wangu akiwa kazini, nikajibanza kwenye majani na kipande cha keki. Nikafunua jani moja kuhakikisha usalama, nikakutana na jicho. Chini ya jicho palikuwa na shavu lililojaa.

Alikuwa mama mkwe, na biskuti zake.

Kwa mara ya kwanza tangu nioe, sikumwamkia. Tulitazamana. Yeye akameza kwanza, kwa kuwa ni mkubwa, akauliza polepole, “Mwanangu, hiyo yako ina karanga?”

Nikamkatia nusu. Ungefanya nini wewe?

4. Tangu siku hiyo amesogeza kigoda chake, nami nimesogeza meza. Mnaita hii faragha? Nimejificha mpaka nikaishia kukaa na mtu niliyekuwa namkimbia. Anasema, nacheka, nasema, anacheka, na tukicheka kidogo tu maua yanatumwagikia vichwani. Saa za watu zimelala mezani. Shati silivai tena. Kuhusu tumbo langu, amesema sasa anaona limekaa vizuri.

5. La tano nilikuwa nalo, lakini mama mkwe amelisoma akasema si la kumwandikia mgeni.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, mambo mawili. Mwandishi wa makala ile aje mwenyewe ang'oe mmea wake mpaka mzizi wa mwisho. Pili, gazeti linitafutie adui mwingine wa kiwango kile kile: mkali, mwenye kuku, na asiyejua kushona.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mchoraji wa maua, na mzee wa mlangoni. Huyo mwandishi msalimie peke yake, umwambie namwombea azungukwe na wakwe pande zote nne.

Ni mimi, niliyesitirika kupita kiasi,

Fundi Saa

N.B. Tafadhali usiichape barua hii. Mke wangu husoma ukurasa wenu. Jana alirudi mapema kutoka kazini, akaukagua mmea, akaondoka, akarudi na mkasi wa bustani. Anasema Jumamosi ataupunguza ili upepo upite. Nijibu haraka: ni mmea gani unaota kufikia Ijumaa? Uwe na majani mapana, na usiwe na miiba pale mkono unapopita. Mama mkwe anauliza pia kama mnao usiotikisika watu wakicheka.