Jinsi Jenifa wa Mkonze Alivyolitiisha Geti la Baba Mkwe

Sogeeni mlio karibu, nanyi mlio mbali kazeni mwendo. Mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze, mwenye chungu motoni na akipunguzie kuni. Leo yanasimuliwa makuu: jinsi Jenifa, mke wa Wilbert, mpishi wa shule, mtuliza masufuria na mshinda moshi, alivyopigana na bawaba moja ya geti huko Mkonze, wala hakurudi nyuma.

Geti lenyewe lilikuwa la chuma, zito, lenye kiburi. Bawaba yake ya juu ilikatika kwa upepo wa kiangazi, likabaki limeinama kama mlevi aliyeshikwa mkono na rafiki mmoja. Fundi wa mtaani alipoitwa alisema kesho, na kesho yake ikazaa wajukuu. Hata asubuhi moja Mzee Nikodemo, baba yake Wilbert, aliyeletwa kwao kutoka Mlali baada ya kufiwa na mkewe, akaliegemea ili asalimie wapita njia. Geti likang'oka likaanguka, likamkosa kwa upana wa kiganja. Mzee alijikung'uta vumbi akasema si kitu. Lakini Jenifa alimwona akiusogeza mkongojo wake mbali na geti, na palepale moyo wake ukala kiapo.

Wilbert alikuwa safarini na lori. Basi Jenifa akashika njia ya Ihumwa kwa kaka yake Denis, ambaye kuchomelea ndiyo kazi yake. Denis alitaka kuja mwenyewe kazi za watu zikipungua. Dada akamwambia kesho nyingine haitaki. Ndipo Denis akamkalisha karakanani mchana kutwa, akamchomesha vyuma chakavu hadi mkono ukaacha kuruka, akamkabidhi mashine ya kuchomelea, ile ya inveta: ndogo, ya kuning'iniza begani kama mkoba wa kwendea harusini, na tumboni mwake imelala radi.

Siku ya vita ikawadia, kweupe, upepo umelala. Majirani walikuwa wamelinyanyua geti, wakalirudisha kwenye bawaba yake ya chini na kulitegemeza kwa matofali na waya. Jenifa akavua gauni lake la nailoni, maana cheche huyeyusha nailoni ikagandia ngozini, akavaa ovaroli ya pamba ya mumewe. Miguu ilimzidi. Mwingine angeikunja, yeye alijua kwamba mkunjo hudaka cheche, akaikata kwa mkasi bila kumwuliza mwenyewe, na huo nao ni ushujaa. Akavaa viatu vya ngozi na glavu ndefu. Akafagia majani makavu, akauondoa mtungi wa gesi uliokuwa nje ya jiko, akaweka ndoo ya mchanga karibu, akaukunjua waya wa umeme wote hadi mwisho usije ukapata moto ukiwa umeviringwa. Akakwangua rangi na kutu penye bawaba iliyokatika hadi chuma kikang'aa, kisha akakibana kibanio cha mashine papo hapo penye mng'ao.

Akainua kofia ya uso yenye kioo cheusi. Ndipo akamwona Mzee Nikodemo ameketi kwenye kigoda, macho wazi, tayari kutazama vita.

Hapa shujaa aliogopa kuliko alivyouogopa umeme. Mke wa mtu ataanzaje kumwambia baba mkwe wake ageuke? Lakini alipata kumwona jirani yao Obedi baada ya kutazama mwanga ule: usiku kucha alilia kana kwamba amemwagiwa mchanga wa moto machoni. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Naomba uupe ukuta uso wako hadi nikuite. Mwanga huu unachoma macho."

Mzee akajinyoosha. "Marahaba, mkwe wangu. Mimi nimefukuza fisi Mlali kwa fimbo na matusi. Leo nigeuzwe na taa?"

"Fisi ulimwona akija, baba. Huu utakuumiza, nawe utajua ukishalala. Usipogeuka siwashi, na geti litabaki juu ya matofali."

Kuku mmoja akapita katikati ya majeshi. Kisha mzee akainuka, akakigeuza kigoda chake polepole, akaketi kuukabili ukuta kwa heshima kubwa, kana kwamba ukuta ndio uliomwita.

Jenifa akashusha kofia, akasimama moshi usikomfuata, akagusa chuma kwa rodi, kile kijiti cha kuchomelea. Rodi ikanata. Akaizungusha, ikakataa, akaiachia kutoka kwenye mshikio, akazima mashine, akasimama akihema. Mzee akauliza kama imeshika. Akajibu bado, baba. Akavuta pumzi, akawasha tena, na safari hii akaikwaruza rodi kama njiti ya kiberiti. Radi ikaamka. Ikachachatika kama mandazi yakitumbukia kwenye mafuta, na yeye akatembea nayo taratibu, jasho likimwingia machoni, asiharakishe.

Alipozima na kuchomoa waya, akaligonga ganda jeusi lililofunika kiungo, akiwa amevaa miwani. Chini yake pakatokea mshono wenye mabonde na vilima, kama ugali uliosongwa na mtoto. Haukuwa mzuri. Akaugonga kwa nyundo, haukusogea. Akasubiri chuma kipoe, akikagua vumbini kama kuna cheche iliyojificha, kisha akaondoa matofali.

"Sasa, baba."

Mzee Nikodemo akaja. Akaweka kiganja juu ya geti, akalisukuma, likaenda. Akalivuta, likarudi. Hakutoa hotuba. Akamwita mama aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, asiyemfahamu kabisa, akamwambia kuwa kazi ile ni ya mkwe wake.

Basi na iandikwe, enyi watu wa uwanda wa kati, kwamba siku ile hakuna ngoma iliyopigwa wala mbuzi aliyechinjwa. Bali mzee mmoja alisimama akifungua geti na kulifunga, hakuna aingiaye wala atokaye, hadi ugali wa mchana ukapoa mezani, na Jenifa hakumharakisha.