Namba Zangu Zinaanzia Banda la Mafagio

Jumatatu, 3 Machi

Ofisi ya makaburi imeletewa kompyuta. Pamoja nayo imeletewa binti wa kuiendesha, mwembamba, miwani mikubwa, adabu anayo. Kanipa shikamoo nikiwa bado mbali. Nikaipokea nilipofika karibu, Msimamizi asikie.

Mimi ndiye mlinzi na mfagiaji hapa, mwaka wa thelathini na moja sasa. Wananiita Mzee Komeo kwa sababu ya lango. Makaburi mia nne na mawili, yote yamo kichwani. Niulize nikiwa usingizini, nitakujibu kabla sijafumbua macho.

Msimamizi katuita. Kasema eneo limejaa. Kaburi lisilopata mgeni hata mmoja kwa miaka mitatu, jiwe lake litang'olewa mwisho wa mwezi na mahali pake atalazwa mwingine. Kompyuta ndiyo itasema ni yapi. Nikamwambia angeniuliza mimi tungemaliza kabla chai haijapoa. Kasema ahsante mzee. Ile ahsante ya kumfungia mtu mlango.

Binti wa Kompyuta kachukua vitabu viwili. Cha kwanza ni cha waliozikwa, huandikwa na ofisi: jina, tarehe, namba ya kaburi. Cha pili ni cha wageni, hukaa langoni, nakiandika mimi: nani kaja, lini, kaburi namba ngapi. Vikijaa vyote huwekwa rafu moja. Miaka thelathini na moja vimekaa bega kwa bega bila kusalimiana.


Alhamisi, 6 Machi

Binti kamaliza kuingiza maandishi. Nikamwomba anieleze kinachofuata. Si kwamba sijui. Nilitaka kumpima.

Kasema vitabu vimekuwa majedwali mawili, na yote mawili yana namba ya kaburi. Anaiambia kompyuta ichukue kila mstari wa jedwali la kwanza, itafute mistari ya jedwali la pili yenye namba ileile, iiunganishe. Kisha ikusanye kaburi kwa kaburi na kuhesabu kila moja limepata mistari mingapi. Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya miaka yote bila umeme.

Orodha ikatoka. Nimeisoma kwa kidole, maana herufi zangu ni za ukubwani. Makaburi mia tatu na arobaini. Nikatafuta jina la mke wangu. Juu hadi chini. Chini hadi juu.

Hayumo.

Nikauliza, kwa sauti ya kawaida, waliobaki wamekwenda wapi. Binti kasema kuunganisha kwa namna hiyo humwacha nje asiye na mwenzake upande wa pili. Akabonyeza namna nyingine, inayowabakiza wote wa jedwali la kwanza hata wasipopata wa kuunganishwa naye. Wakatoka wote mia nne na mawili. Mke wangu yumo. Wageni: sifuri.

Sijui lipi zito zaidi, kutokuwamo au kuwamo na sifuri.

Mke wangu ana miaka minne pale. Kila siku nikimaliza kufagia nakwenda, nageuza kopo la rangi, nakaa, namweleza mambo. Ila kitabuni sijajiandika hata mara moja. Mtu anajiandikaje mgeni kwa mkewe?

Halafu wamemwandika namba 212. Makosa matupu. Mke wangu ni namba 41. Ofisi wanaanza kuhesabu kutoka lango kuu. Mimi naanzia banda la mafagio. Siku yangu ya kwanza kazini mke wangu aliniletea chakula, akakaa kivulini pale bandani. Yeye ndiye aliyenifundisha tarakimu. Tukahesabu makaburi pamoja, hata mahali patupu, tukianzia alipokaa yeye: moja, mbili, tatu. Tangu siku hiyo kitabu cha wageni nakiandika kwa namba zetu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Mashine yenye akili italijua hilo yenyewe.


Ijumaa, 7 Machi

Nimepata njia. Kichwa hiki hakijazeeka, ni nywele tu.

Msimamizi kasema mgeni mmoja anatosha kuokoa jiwe. Mmoja! Mke wangu, aliyekuwa na salamu za mtaa mzima, apite na mmoja? Yule awe wa kwanza kwenye orodha.

Katika kitabu cha wageni huwa naacha mistari miwili mitupu chini ya kila ukurasa. Ni unadhifu tu. Leo unadhifu umelipa. Nimejifungia bandani na kalamu tatu za rangi mbalimbali. Nimejaza mistari tisini na mitatu. Namba ya kaburi: 41. Jina la mgeni sikutaka kuweka langu, nikaandika "anayempenda". Uongo sijasema. Kwa haki ningeandika elfu na zaidi. Tisini na tatu ni kwa unyenyekevu.

Kisha nikampelekea Binti nikamwambia kwa haraka zake za kijana ameruka mistari ya chini. Kaomba radhi. Nimemsamehe.

Mkono unauma kama nimelima.


Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Orodha mpya imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wa kwanza kabisa, wageni tisini na watatu: Fundi Cherehani.

Mke wangu: sifuri.

Kumbe katika kitabu cha ofisi namba 41 ni Fundi Cherehani. Huyu alimposa mke wangu kabla yangu. Alikataliwa. Yeye alikuwa akisema ndiye aliyeghairi. Miaka arobaini hatukupeana mkono, na alipoletwa hapa kuzikwa nilifungua lango nusu.

Mashine imeshika wageni wa mke wangu, imeona 41 huku na 41 kule, imewafunga pamoja kama kuni. Nikamwambia Binti mashine yake ni mbumbumbu. Kasema mashine haijui nani kalala wapi, inajua namba tu zikilingana. Kisha kaniuliza kama namba za langoni zina shida yoyote. Hapo ndipo ningesema.

Nikajibu namba zangu hazijawahi kukosea. Nikaondoka.


Jumanne, 11 Machi

Msimamizi kasema kaburi linalopendwa hivi litiwe benchi, wageni wapumzike. Benchi limeletwa. Nani wa kulibeba? Mimi. Nani wa kulipaka rangi? Mimi. Nimelipaka kijani. Ninavyokumbuka, Fundi Cherehani aliichukia rangi ya kijani. Ndiyo faraja pekee ya leo.

Nimekwenda kwa mke wangu, sikumweleza habari ya benchi. Namba yake imepigwa chokaa jiweni. Alama ya kung'olewa.

Binti yangu wa kumzaa kapiga simu kuniuliza habari za huku. Nikamwambia nzuri. Kauliza kaburi la mama. Nikamwambia linapendeza.


Alhamisi, 13 Machi

Leo kaja mjane wa Fundi Cherehani. Mkongojo mkononi, kanga kichwani, mdomo umekazwa. Jirani yake kasoma ubaoni akamfikishia.

Kaingia ofisini bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa mlangoni na fagio. Kamwambia Binti anataka kuwajua hao wageni tisini na watatu. Binti kafungua kitabu cha langoni, kidole kikateremka: anayempenda, anayempenda, anayempenda. Nyeusi, bluu, nyekundu.

Mjane akakaa chini taratibu. Kasema miaka arobaini na minne amemfulia yule mwanamume mashati na hakuwahi kunusa kitu. Kasema hana ugomvi tena, umri huo umepita. Anataka jina tu la huyo mwanamke, asife akiwa anahesabu majirani.

Binti akafunga kitabu. Msimamizi akawa anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi. Nikinyamaza, namba zangu zinabaki na heshima yake, huyu mama anakwenda na sumu yake nyumbani, na mke wangu anang'olewa jiwe. Nikisema, basi.

"Ni mimi, shemeji," nikasema.

Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe Komeo? Wewe na mume wangu hata salamu mlinyimana."

Nikaeleza. Banda la mafagio, tarakimu, kivuli, mke wangu, mistari ya chini. Nimeeleza nikiutazama mpini wa fagio. Sikusema nimekosea. Nilisema ofisi wanahesabu kutoka upande usiofaa.

Mjane akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. Msimamizi kauokota. Kisha kicheko kikakatika.

"Njia nzima nimekuja na hasira," akasema. "Lakini nilipofika langoni nilikuwa nimefurahi kidogo, kwamba walau ana mtu. Mimi miguu hii imenileta mara nne tu, mwaka mzima."

Nimempa mkono nikampeleka kwa mumewe. Kakaa kwenye benchi langu la kijani. Kasema rangi mbaya. Nikasema naam.


Ijumaa, 14 Machi

Binti kasema hatufuti namba zangu. Tutatengeneza jedwali la tatu, dogo, la kukaa katikati: upande mmoja namba yangu, upande wa pili namba ya ofisi. Wageni wataunganishwa na jedwali hilo kwanza, kisha hilo na waliozikwa.

Kwa maneno mengine, kompyuta imeshindwa na imekuja kwangu kuomba msaada. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mara mbili tu.

Tumetembea siku nzima, yeye na daftari, mimi mbele. Kila kaburi nataja namba yangu, yeye anasoma iliyo jiweni. Tumefika 180. Njiani kaniuliza 212 yangu ni nani. Nikamwambia ni yule msafiri aliyeokotwa barabarani, hana jina, hana wa kumjia. Akasimama kidogo. Kasema basi hiyo ndiyo sifuri iliyokwenda kwa bibi.


Jumatatu, 17 Machi

Tumemaliza makaburi yote. Nimekosa mawili tu, na hayo nadhani yamehama.

Binti kabonyeza. Majedwali matatu yakashikana. Wasio na mgeni ni sitini na mmoja kama ubaoni, ila arobaini na watatu kati yao ni wengine. Makaburi arobaini na matatu yalikuwa yang'olewe mawe wakati watu wao wanakuja kila mara! Nimeyaokoa mimi. Msimamizi kasema mimi ndiye niliyeyatia hatarini. Hayo ni mambo ya jinsi mtu anavyotazama.

Fundi Cherehani: wanne. Mke wangu: tisini na watatu, wa kwanza kabisa. Nikavua kofia.

Kisha Binti kanigeukia. Kauliza kwa upole, babu, katika mistari hii ni mingapi ya kweli? Nikasema safari zote ni za kweli, ila tarehe ndizo za kukadiria. Kasema hawezi kuacha tarehe za kukadiria. Kafuta yote tisini na mitatu mbele ya macho yangu. Ikarudi sifuri. Nikarudisha kofia kichwani.

Halafu akachukua kitabu cha langoni, akaandika kwa mkono wake, tarehe ya Alhamisi ile ya kwanza: namba 41, mgeni ni mume wake. Kasema siku hiyo aliniona dirishani, nimekaa juu ya kopo. Akaingiza.

Mke wangu: mmoja.

Nimefuta chokaa kwa kitambaa chenye maji. Imetoka yote. Binti kanisihi nijiandike kila ninapokwenda, maana miaka mitatu ikipita kompyuta itahesabu tena. Nikamwahidi.


Jumatano, 19 Machi

Eneo jipya limefunguliwa nyuma ya ukuta. Ofisi imepiga namba za rangi, kutoka lango kuu tena, hawasikii. Mimi nimeanza za kwangu kutoka bombani, ndipo kuna kivuli. Leo kazikwa wa kwanza, wageni wake watatu nimewaandika kitabuni kwa namba hizo. Binti hajajua. Atatengeneza jedwali jingine, kijana anahitaji kazi.

Mjane aliomba nikipita nifagie na kwa mumewe, nimsalimie kwa niaba yake. Nimefagia. Salamu nimetoa, fupi. Nimejiandika mgeni wake, tarehe ya kweli, kalamu moja. Sasa Fundi Cherehani ana watano.

Kisha nikaenda kwa mke wangu. Nimegeuza kopo, nimekaa saa nzima. Nimemweleza habari ya benchi, nadhani amecheka.

Kitabu cha wageni nilikipita langoni. Sikujiandika. Mtu hawi mgeni kwake, na miaka mitatu ni mingi.