Milioni Nne Zilizopotea Njiani

Kiapo alifika koridoni mwa mahakama saa mbili asubuhi, na hakuwa na kesi. Hapo ndipo ofisini kwake. Wenzake wanafungua duka, yeye anafungua mdomo. Ukikosa shahidi unampa chochote, anaingia, anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili, hata kama siku hiyo alikuwa kwake anakoroma.

Siku hiyo akaona benchi moja, wanaume wawili, kila mmoja kakaa ukingoni kama katikati pana moto. Mmoja muuza vioo. Mwingine fundi madirisha, mume wa dada yake muuza vioo. Wamefanya biashara pamoja miaka tisa, mpaka fundi alipokopa milioni nne kwa shemeji yake, akalipa kwa hundi tatu. Benki ikazirudisha zote. Akaunti ilikuwa kavu kama koo la mlevi asubuhi.

Kiapo akamfuata fundi chooni.

"Kaka, utajitetea vipi?"

"Nitaomba muda tu. Wakichukua mashine zangu nimekwisha."

"Muda! Sema hundi ziliporudi ulimpelekea keshi. Mimi ndiye niliyebeba bahasha."

"Si uongo huo?"

"Uongo ni ukiwa peke yako. Mkiwa wawili ni ushahidi."

Fundi akatoa laki mbili.

Kiapo akanawa mikono, mtu msafi, akaenda kwa muuza vioo.

"Mzee, shemeji yako atasema kalipa keshi. Shahidi wake mimi."

Muuza vioo akamkamata ukosi wa shati.

"Taratibu, mzee wangu! Laki tatu tu, na ukiniuliza kama ulipokea, nasema hukupokea."

"Na utaapa?"

"Kuapa kumo humo kwenye bei."

Muuza vioo akamwachia ukosi, akalipa.

Sasa hapa tumpe heshima yake. Fundi alitaka isemwe kwamba pesa zilitoka. Muuza vioo alitaka isemwe kwamba hazikufika. Yote mawili yatasemwa, hakuna mteja atakayedhulumiwa. Mtu mwaminifu namna hiyo utamtoa wapi?

Wakaitwa. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani kwenye paji la uso, alikuwa akiandika kwa mkono. Kiapo akaapa vizuri mpaka karani akamwangalia kwa wivu.

"Nilikupa milioni nne umpelekee shemeji?" fundi akauliza.

"Ulinipa. Nilizihesabu mwenyewe."

Fundi akatabasamu. Muuza vioo akasimama.

"Na mimi ulinipa?"

"Hata senti moja."

Muuza vioo naye akatabasamu. Hakimu hakutabasamu. Akaweka kalamu chini.

"Alikupa wewe. Huyu hukumpa."

"Ndiyo, mheshi..."

Akaishia hapo.

"Ziko wapi?"

Fundi ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Mtu anayekaribia kunyang'anywa mashine huelewa haraka.

"Shemeji! Si unaona? Mimi nilituma, kala huyu!"

Muuza vioo akamtazama. Alijua wazi hakuna bahasha. Lakini alijua pia kwamba fundi hana kitu, dada yake kamnunia miezi mitano kwa ajili ya kesi hii, na huyu muapaji ana nyumba ya vyumba sita, mji mzima unaijua.

"Nilijua tu shemeji yangu si mwizi," akasema, macho makavu. "Mheshimiwa, huyu simdai tena. Namdai huyo hapo."

"Mheshimiwa, hakukuwa na bahasha!" Kiapo akapiga kelele.

"Kumbe ulinidanganya baada ya kuapa?" hakimu akauliza.

"Hapana!"

"Basi pesa unazo."

"Hapana! Waulize, hakuna aliyekuwepo! Hata mimi sikuwepo!"

Hakimu akashusha miwani machoni.

"Chagua. Wizi una kifungo chake, na uongo mbele yangu una chake."

Mashemeji walishatoka, mmoja kamshika mwenzake bega. Askari akasogea. Kiapo akalamba midomo, na kwa mara ya kwanza mle ndani akauliza kitu ambacho hakujua jibu lake.

"Mheshimiwa, kipi kifupi?"