Ngozi Niliyoipika Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata! Miaka sita naosha vyombo vya maabara inayotengeneza ngozi ya bandia kwa walioungua, na anayenijua ni sabuni tu. Leo nimechungulia daftari la Miwani, msaidizi wa Daktari. Ukurasa wa kwanza: jelatini, gliserini. Kurasa mia zilizobaki ni mahesabu, nimeziruka. Ijumaa wanakuja wageni wa hospitali. Wataiona ngozi yangu, si ya Miwani!

Jumanne, 4 Machi

Ya kwanza imegandia sufuria. Mke wangu kauliza nani kapika raba. Nimemwambia sayansi haichagui chombo. Kasema sufuria ina mwenyewe.

Ya pili, safi! Laini, inavutika, rangi yetu kabisa. Nimeibandika gotini. Kuibandua, imeng'oka na vinyweleo vyote. Nimeandika: "Hunyoa pia."

Jumatano, 5 Machi

Nahitaji mgonjwa. Mama mkwe, tunayeishi naye, ana kovu la moto mkono mzima tangu usichana. Havai mikono mifupi, hata jua liwake vipi. Nimemwendea kwa adabu zote. Akasema, "Mwanangu, ukinichuna, naondoka na binti yangu." Kisha akanyoosha mkono.

Imekaa! Kovu halionekani. Kajitazama kwenye kioo, kisha akaenda kuazima blauzi ya bintiye, ya mikono mifupi. Nikageukia ukuta. Vumbi machoni.

Alhamisi, 6 Machi

Kasheshe! Mama mkwe katoka na blauzi ile, saa saba mchana. Jua likailainisha ngozi, ikashuka hadi kiwikoni kama soksi iliyolegea. Halafu sisimizi. (Nilitia asali kidogo, inate vizuri.) Karudi anajikung'uta. Hakunigombeza. Kakaa tu, kavaa tena mikono mirefu. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni wamejaa maabara, Miwani anaeleza, mimi nimejibanza nyuma ya karai. Mlango ukafunguliwa: mama mkwe! Mkononi, mfuko wenye ngozi yangu na sisimizi wawili.

Akamwambia Daktari, "Mkwe wangu huyu hana akili timamu, hii kaipika kwenye sufuria ya binti yangu. Lakini jana nilitembea barabarani na mikono mifupi, mara ya kwanza tangu niolewe. Nataka ile ya kweli."

Hakuna aliyecheka. Daktari akaushika ule mkono, akautazama kwa makini, akasema hata makovu ya zamani wanayafanyia majaribio. Kamwandika wa kwanza. Kisha akaniagiza niende kusugua sufuria ya watu.

Miwani kanipa mkono, kanipongeza. Wivu huo!

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafuta kosa langu usiku kucha. Sijaliona. Kosa ni la jua.

Mama mkwe anaimba tangu alfajiri, kanimegea nusu ya mkate wake. Jirani mwenye kipara kasikia sifa zangu, kauliza kama natengeneza na nywele. Nimemwambia aje Jumatatu, kichwa kikiwa kikavu. Mke wangu ana ufagio mpya, mweusi, laini ajabu. Hata hautumii sana.