Karatasi Juu ya Chungu

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya wakwe.

Usiku kucha sikulala, nawaza jambo moja: niandike nini kwenye karatasi?

Ngojeni nieleze. Nina shahada, sina kazi, kwa hiyo nafuga chungu. Wale wadudu, si vyombo. Malkia mmoja na watoto wake kama sitini. Walianza kwenye chupa ya jemu. Nikaona joto litawaua. Nikawahamishia kwenye kopo lenye plasta ya jasi. Nikaona hawana giza. Juzi ndipo nikapata nyumba ya maana: chungu cha udongo cha Mama, cha zamani, kinachotunza ubaridi. Nikamimina plasta ndani, nikachonga vyumba na njia, nikakifunika. (Hata mimi sina chumba kizuri hivyo.)

Sasa, leo watu wa Shella walikuwa wanakuja hapa kwetu Barani kumposa dada yangu, Maryamu. Mama akanionya: "Wageni wakiwaona wadudu wako, utahama wewe na wao."

Nikakificha chungu pembeni jikoni. Ikabaki kuandika karatasi tu, mtu asikiguse. "Wadudu"? Itatisha. "Hatari"? Watachungulia. Rasimu ya sita ndiyo iliyonituliza: CHUNGU. USIFUNUE.

(Ndiyo. Chuo kikuu, miaka minne.)

Asubuhi akaja Shangazi kutoka Kilifi kusaidia kupakua. Mimi nikatumwa ndimu. Kurudi, wanaume wa posa wameshaketi mkekani, pilau imewekwa, na katikati ya sinia kubwa, chungu changu!

Nikamvuta Shangazi mlangoni. "Shangazi, hicho ni chungu!"

"Nakiona, mwanangu. Cha mamako, nakijua tangu arusi yake. Na kusoma najua. Nimekileta vilevile, sikufunua. Kizito! Mchuzi gani huo?"

"Si chungu hicho, ni chungu hao!"

"Wewe umelala kweli?"

Mzee wa posa akasema, "Bismillahi," akafunua.



Chungu wakampanda. Mkononi, kwenye mkono wa kanzu, wakazama ndani. Mzee ambaye, naambiwa, aliingia kwa kushikwa mkono, akaruka peke yake, mara mbili!

Nyuma ya pazia nikamsikia Maryamu: "Kaka, nisipoolewa leo, nakula chungu wako mmoja mmoja!"

Watu wote wananitazama. Ulimi ukaniteleza: "Shikamoo, mzee. Tafadhali usimkanyage malkia."

Mzee akanikodolea macho. Akaikung'uta kanzu. Halafu akaanza kucheka mpaka kofia ikamdondoka. "Binti tumempenda," akasema. "Ila huyu kijana na ukoo wake wa wadudu wabaki hukuhuku Barani."

Posa imepita, alhamdulillahi. Malkia yu hai. Alasiri nimekata shauri: nyumba yao nimeihamishia nje, kivulini chini ya mpapai, nikaifunga kwa kamba. Karatasi nimeandika mara moja, bila rasimu: HAKUNA CHAKULA HUMU.

Shangazi kapita, kaisoma, kainama.

"Kwani sasa kuna nini?"